Mlango wa Tano

Kabati lilifika asubuhi ya Jumatatu likiwa vipande vipande ndani ya maboksi, na dada yangu akalipokea kwa furaha ya mtu aliyeletewa mgeni asiyekula. Nyumba alishaikodi. Kuta alishazipaka rangi ya maziwa. Viti vidogo, visivyofika hata goti la mtu mzima, vilishapangwa. Kilichobaki ili afungue kituo chake cha kulelea watoto ni kibali tu. Kibali kilikuwa kwa mkaguzi, na mkaguzi alikuwa na kijiti.

Kijiti chenyewe ni cha mbao, kinene kama kidole cha mtoto, na kimegongwa mhuri wa idara, raia asije akajichongea cha kwake. Mkaguzi hukijaribu kwenye kila mwanya wa kabati. Kikiingia, umefeli. Kabati la zamani lilikuwa limeshamfelisha dada mara moja, na akifeli tena, maombi yake yangefutwa kabisa. Naye alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya kituo hiki. Nafasi yake shuleni ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Fundi tulimwita Milimita, kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba kitu kimenyooka.

"Mwalimu, ondoa wasiwasi," alimwambia dada. "Bawaba hizi zina skrubu tatu. Hii inaupeleka mlango kushoto na kulia, hii juu na chini, hii ndani na nje. Ukizielewa hizo umehitimu."

Kazi yangu mimi ilikuwa kushika. Kila ukoo una mtu wake wa kushika.

Karatasi ya maelekezo, yenye kijikatuni kinachotabasamu kama hakijawahi kuunda kabati maishani, ilionyesha milango minne juu na droo chini. Ndani ya boksi milango ilikuwa mitano.

"Bonasi," alisema Milimita, akauegemeza ukutani.

Kabati liliposimama, akaanza kuinyoosha ile minne. Anageuza skrubu kidogo, anarudi nyuma, anafumba jicho, anasonya, anageuza tena. Ukiugusa mlango huu, jirani yake ananuna. Hatimaye mianya yote ikawa sawa, na nyuso za droo zikakaa kwenye mstari mmoja. Tukaenda kunawa mikono.

Tuliporudi, milango yote ilikuwa imesogea kushoto. Ilikuwa imebanana kama watu kwenye benchi wanaompisha mwenzao akae, na mwisho wa kabati, kulia, pakabaki uwazi wa kupitisha kiganja.

"Sakafu," alisema Milimita. Akaweka pimamaji sakafuni. Sakafu haikuwa na kosa. "Basi bawaba." Akabadilisha bawaba. Tukanyoosha tena, tukatoka kunywa maji, tukarudi. Imebanana kushoto. Akakaza mpaka bisibisi ikamchubua kiganja. Imebanana kushoto. Siku ya pili ikaisha hivyohivyo, mimi nimeshika, yeye anatukana kwa sauti ya chini, dada anapita kila mara akiuliza, "Bado?" kwa sauti iliyozidi kuwa nyembamba.

"Kaka," Milimita aliniambia, "nimeunda makabati ya watu wagomvi, ya maharusi, ya wafiwa. Hili linanidharau."

Asubuhi ya ukaguzi alishindwa kuvumilia. Akauchukua ule mlango wa tano, akaufunga bawaba ubavuni mwa kabati, kulia, uufunike ule uwazi pamoja na kipande cha ukuta mtupu kilichokuwa kando yake. "Kama linataka mlango, lichukue mlango!"

Papo hapo milango yote ikanyooka. Hakugusa hata skrubu moja ya ile minne.

Tungepaswa kuogopa. Tulipiga makofi.

Mkaguzi alifika mchana. Akajaribu kijiti juu, chini, kati ya droo, akainama mpaka tai ikafagia sakafu. Hakikuingia popote. Akafungua mlango wa kwanza, "Sawa." Wa pili, "Sawa." Akafika wa tano. Milimita alifumbua kinywa aeleze kwamba huo ni wa kuziba tu, ila mkaguzi alishaufungua, na ubao wake ukatuzuia tusione.

Akasimama pale. Akachuchumaa. Akatabasamu, tabasamu ambalo sisi watu wazima hakuwahi kutupa. Kisha akaufunga polepole, kama anayefunga chumba cha mgonjwa.

"Mama, kituo hiki hakina kibali."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa mbona tayari una watoto?"

"Sina watoto hapa, mheshimiwa."

"Wale humo ndani ni vikombe?" Akafunga mkoba wake. "Nidhamu wanayo, sikatai. Wamekaa kimya kabisa. Lakini kanuni inataka chumba chenye dirisha. Nitarudi Ijumaa, niwakute wametolewa."

Akaondoka.

Dada aliufungua mlango. Ukuta. Rangi ya maziwa. Akaweka kiganja.

"Una joto," alinong'ona.

Nilizunguka nje. Upande wa pili palikuwa na ua, kamba ya nguo na kivuli. Jua halijawahi kuupiga ukuta ule. Niliugusa. Baridi.

Milimita aliung'oa mlango wa tano. Hata hakupata nafasi ya kuuweka chini. Mbele ya macho yetu, ile minne ilianza kusogea. Polepole. Kushoto. Bawaba zikilia.

Inapisha.

"Rudisha," alisema dada. "Rudisha haraka."

Akaurudisha. Ikatulia.

"Mlango huu ukiwepo, nafeli kwa watoto," dada alisema. "Usipokuwepo, nafeli kwa kijiti." Macho yalikuwa yamemjaa maji, ya hasira zaidi kuliko hofu. "Fundi, upigilie. Uwe pambo. Usifunguke tena."

Milimita alichagua skrubu ndefu. Akazitia kutokea mbele, zipite kwenye ubao hadi ukutani, kimo cha kifua cha mtoto. Ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia. Kwenye ya mwisho mkono wake ulisimama.

"Kaka."

"Nini?"

"Sikazi mimi." Bisibisi ilikuwa inazunguka kiganjani mwake. "Inavutwa."

Aliiachia. Skrubu ikaendelea kuzunguka yenyewe, kichwa kikazama ndani ya mbao, ikatulia.

Ijumaa mkaguzi alirudi. Kijiti hakikuingia. Akaugonga mlango wa tano kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Umewatoa?"

Dada alinitazama mimi. Akamtazama Milimita. Akavitazama vile viti vyake vidogo vilivyopangwa.

"Nimewatoa," alisema.

Mhuri ukagongwa. Mkaguzi akampongeza kwa jina la idara, akaondoka na kijiti chake.

Jumatatu wazazi wa kwanza walikuwa getini, na watoto wao wamevaa viatu vipya. Dada aliniita kutoka ndani. Hakupaza sauti. Nilimkuta na Milimita wamesimama mbele ya kabati. Kila mwanya ulikuwa sawa. Nyuso za droo zilikuwa kwenye mstari mmoja. Sijawahi kuona kabati lililonyooka vile.

Kwenye mlango wa tano, mahali palipokuwa na vichwa vya skrubu, palikuwa na ncha.

Ncha zote. Zimetutazama sisi.

Milimita aliusukuma mlango kwa bega. Haukutikisika hata kidogo.

"Zimekazwa kutoka ndani," alinong'ona. "Na aliyezikaza anaijua kazi."

Getini mtu alipiga hodi.

"Leta tupa," alisema dada. "Watoto watajichoma."

Tukazisaga ncha zile mpaka zikawa sawa na ubao, naye akaenda kufungua geti. Kituo kipo hadi leo, kimejaa. Ukipitisha kiganja kwenye mlango ule utavihisi vile vitone vya chuma, baridi, vimejipanga. Vichwa vyake viko upande wa pili.