Deodata na Namba Iliyopanda

Deodata alikuwa fundi cherehani huko Mugoma, wilaya ya Ngara. Mumewe, Wiston, alikuwa fundi ujenzi. Mtoto wao Fabrice alikuwa darasa la tatu, na majirani wengi walimwita Deodata kwa jina la Mama Fabrice.

Kila siku saa mbili asubuhi simu yake ililia. Deodata aliacha cherehani, akanawa mikono, akameza vidonge vyake. Saa mbili usiku simu ililia tena, naye akameza tena. Hakukosa hata siku moja.

Vidonge hivyo viliuzuia mwili wake usiikatae figo mpya. Figo zake mwenyewe zilikuwa zimeshindwa kazi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alisafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, mbali na nyumbani. Ndipo kaka yake Celestini, mkulima wa Kasulo, alipokubali kumpa figo yake moja. Upasuaji ulifanyika katika hospitali kubwa ya mbali, safari ya siku nzima na zaidi kwa basi. Sasa ilikuwa imepita miezi minne.

Kila baada ya wiki mbili Deodata alipima damu. Kipimo kimoja walikiita kreatinini. Alijua namba yake kama alivyojua umri wa mwanawe. Mara ya mwisho ilikuwa 104. Daktari alimwambia ni nzuri.

Jumanne moja alipima katika maabara ya binafsi karibu na stendi. Kijana wa maabara alimpa karatasi. Ilikuwa imeandikwa 171.

"Hii ni nini?" Deodata aliuliza.

"Imepanda sana, mama. Nadhani figo imekataa," kijana alisema. Kisha akamwita mtu mwingine aliyekuwa kwenye foleni.

Deodata alitembea mpaka nyumbani kwa hasira. Aliikasirikia maabara na kijana yule. Zaidi ya yote aliukasirikia mwili wake. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Hakuonja pombe. Alichemsha maji ya kunywa. Alivaa barakoa kanisani huku watoto wakimcheka. Sasa yote hayo yalikuwa ya nini?

Wiston alimkuta amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Umekula nini?" aliuliza.

"Kwa nini unaniuliza nimekula nini? Kwa nini huniulizi najisikiaje?"

"Nauliza tu, Mama Fabrice."

"Unanilaumu."

Wiston alitoka nje, akampigia simu Celestini. Alidhani anafanya jambo jema.

Baada ya saa mbili Celestini alifika kwa pikipiki. Hakusubiri kukaribishwa.

"Shikamoo, kaka," Deodata alisema.

Celestini hakuitikia. Aliichukua karatasi mezani.

"Nilikupa figo yangu," alisema. "Mpaka leo nikiinua gunia la maharage, kovu linavuta. Na wewe umeiharibu kwa miezi minne."

"Sijaiharibu."

"Basi nani? Mimi? Ilikuwa nzima ndani ya tumbo langu kwa miaka arobaini na moja."

"Toka nyumbani kwangu, Celestini."

Hakumwita kaka. Celestini alimtazama, akaiweka karatasi, akatoka. Pikipiki iliondoka kwa kelele.

Deodata aliingia chumbani akachukua kopo la vidonge. Alimpa Wiston.

"Katupe chooni," alisema. "Kama figo imekataa, nameza vya nini? Sitaki tena kuishi kwa saa."

Wiston alilishika kopo lile. Hakwenda chooni. Alikwenda nyumba ya tatu, kwa Tecla.

Tecla alikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, anachambua mchele. Wiston alipomaliza kueleza, aliacha ungo, akafunga kanga vizuri, akamfuata.

"Shikamoo, sista," Deodata alisema bila kumtazama.

"Marahaba. Nipe karatasi."

Tecla alisoma. "Nani amekwambia figo imekataa?"

"Kijana wa maabara."

"Yeye kazi yake ni kupima. Namba hii peke yake haisemi figo imekataa. Sikiliza. Misuli yetu ikifanya kazi inatoa uchafu, huo ndio kreatinini. Figo inautoa kwenye damu, unatoka na mkojo. Namba ikipanda, maana yake figo haitoi uchafu vizuri kama juzi. Lakini haituambii kwa nini. Sababu ni nyingi. Mwili kukataa figo ni sababu moja tu, na hata hiyo ina matibabu ikiwahiwa."

"Ina matibabu?"

"Ndiyo. Kinachoua figo ni kukaa nyumbani na hasira siku tano. Na kinachoiua haraka zaidi ni kutupa vidonge. Ukiacha vidonge, hapo mwili utaikataa kweli."

Wiston aliliweka kopo mezani polepole.

"Sasa niambie," Tecla alisema. "Tangu kipimo cha mwisho umeumwa chochote? Usifiche, sikuja kukugombeza."

Deodata alifikiri. "Tulikwenda kwenye kipaimara. Niliporudi niliharisha siku tatu. Ilikwisha yenyewe."

"Ulikunywa maji mengi?"

"Hapana. Niliogopa kuharisha zaidi."

"Na dawa nyingine?"

"Kichwa kiliuma sana. Nilinunua vidonge dukani." Alileta kipande cha karatasi ya vidonge kilichobaki. Tecla alikigeuza akasoma. Ilikuwa diklofenaki.

"Umemeza vingapi?"

"Viwili kwa siku. Siku nne."

Tecla alivuta pumzi. "Dawa hii ya maumivu inapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu mwenye figo ya kupandikizwa hapaswi kuimeza. Wala dawa za mitishamba, wala dawa yoyote ya dukani, mpaka awaulize wanaomtibu. Na kule kuharisha kulikupunguzia maji mwilini. Tena ukiharisha, vidonge vyako vya figo vinaweza kuzidi kwenye damu. Vikizidi vinaiumiza figo hiyo hiyo. Hukuambiwa ulipotoka hospitali?"

Deodata alikwenda kwenye kabati. Alirudi na karatasi nne zilizobanwa pamoja, akazitupa mezani.

"Nilipewa hizi," alisema. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Zisome, sista. Zote Kiingereza. Mimi nimeishia darasa la saba. Daktari alisema kila kitu kimo humo. Niliona aibu kumwambia sielewi. Sasa kaka yangu ananiita mharibifu."

Tecla alizisoma karatasi zile moja baada ya nyingine. Onyo la dawa za maumivu lilikuwepo, ukurasa wa tatu. Uso wake ulibadilika. Sasa naye alikuwa na hasira.

"Mtu wa Mugoma unampa karatasi ya Kiingereza, halafu unamwambia kila kitu kimo humo," alisema. "Una haki ya kukasirika, Mama Fabrice. Kasirika. Lakini piga simu kwanza. Namba ya kliniki yao hii hapa juu."

Deodata alipiga mwenyewe. Muuguzi wa kliniki alimuunganisha na daktari. Tecla alimnong'oneza maneno ya kusema: kipimo cha zamani, kipimo cha leo, kuharisha, diklofenaki, siku ngapi. Daktari aliuliza maswali mengine. Ana homa? Mkojo umepungua? Miguu imevimba? Panauma pale figo ilipowekwa? Majibu yote yalikuwa hapana.

"Umefanya vizuri kupiga leo," daktari alisema. "Acha hiyo dawa ya maumivu kabisa. Kunywa maji. Vidonge vyako vya leo usiku umeze kama kawaida, usipunguze wala usiongeze. Kesho panda basi uende Mwanza, ni karibu kuliko huku kwetu, nitaongea na wenzangu wa huko wakulaze. Keshokutwa asubuhi watakupima damu kabla hujameza vidonge, ili tujue dawa iko kiasi gani mwilini. Ukishatolewa damu ndipo umeze. Na ukipata homa au mkojo ukipungua, usisubiri basi, nenda hospitali ya karibu saa hiyo hiyo, kisha nipigie."

"Daktari," Deodata alisema, "zile karatasi zenu sikuzielewa. Ni za Kiingereza."

"Ulipaswa kuelezwa kwa Kiswahili," daktari alisema. "Samahani."

"Hata wengine waelezwe," Deodata alisema.

Asubuhi yake yeye na Wiston walipanda basi. Lilipofika Benako, Kasulo, abiria mmoja alipanda akakaa kiti cha mbele yao. Alikuwa Celestini. Wiston alikuwa amempigia tena.

Hakugeuka. Hakusema neno mpaka basi lilipopita Biharamulo na watu kuanza kula mahindi ya kuchoma. Ndipo alipozungumza, huku akitazama mbele.

"Wiston ameniambia mambo ya karatasi ya Kiingereza."

"Sawa," Deodata alisema.

"Hata mimi walinipa. Niliifungia sabuni."

Deodata alikuwa bado amemkasirikia. Lakini kuna jambo lilimjia ambalo hakuwahi kulifikiria. "Wewe umepimwa lini tangu utoe figo?"

"Sijapimwa. Nani ataniuliza mimi? Watu wote wanauliza habari yako. Mimi ni mtu mwenye figo moja, nalima peke yangu, nikiumwa mgongo naogopa. Jana nilipoona ile namba nilisema nimetoa bure. Hasira ilinishika."

"Ungesema hivyo. Hukupaswa kusema nimeiharibu."

"Sikupaswa," Celestini alisema. Baada ya muda aliongeza, "Samahani, mdogo wangu."

Basi lilikwenda kilomita nyingi. Mwishowe Deodata alimpa hindi lake nusu.

Mwanza walimlaza siku sita. Walimtundikia maji. Walipima mkojo, wakaipima figo kwa mashine ya picha. Majibu ya damu yalionyesha dawa ilikuwa imezidi mwilini. Figo ilikuwa haijakataliwa. Daktari alipunguza kidonge kimoja kwa muda. Kreatinini ilishuka ikawa 139, kisha 118. Alipotoka ilikuwa 109. Celestini naye walimpima damu, mkojo na shinikizo la damu. Alikuwa mzima. Waliwaambia kwamba mtu aliyetoa figo anapaswa kupimwa kila mwaka maisha yake yote, naye dawa za maumivu asimeze ovyo.

Waliporudi, Tecla na Deodata walikaa siku mbili na zile karatasi nne. Tecla alisoma, akaeleza, Deodata akaandika kwa Kiswahili chake kwenye daftari la Fabrice. Maneno aliyoyaona magumu aliyakata, akauliza tena. Walipiga picha, wakaituma kliniki. Daktari alisahihisha sehemu mbili, akaomba ruhusa ya kuwapa wagonjwa wengine.

Deodata alikwenda pia duka la dawa. Muuza dawa alipomuuliza anataka nini, alisema hataki kitu. "Nimekuja uniangalie vizuri," alisema. "Nina figo ya kupandikizwa. Nikija tena na maumivu, uniulize kwanza." Kisha akaenda maabara, akamwambia yule kijana maneno ambayo Wiston, aliyekuwa mlangoni, aliyaona makali mno. Kijana aliomba radhi.

Miezi miwili baadaye namba ilipanda tena, kutoka 107 hadi 126. Deodata alikuwa mzima, hakuharisha wala hakumeza dawa ya duka. Alisimama stendi na karatasi mkononi, hasira imemjaa kifuani kama mara ya kwanza. Alitaka kuichana.

Alitoa simu akapiga kliniki.

"Habari. Ni Deodata wa Ngara," alisema. "Nimekasirika sana, lakini nisikilizeni kwanza. Namba yangu ya leo ni hii."