Nani Amechimbua Tangawizi ya Nakundwa?

Nakundwa anaishi milimani, Upareni. Ana miaka sita, na ana shamba lake mwenyewe.

Shamba lenyewe lina mche mmoja tu. Ni mche wa tangawizi, uko nyuma ya jiko.

Bibi Namsemba alimpa kipande kimoja cha tangawizi. Nakundwa akakifukia udongoni kwa mikono yake.

Mvua ikanyesha, cha, cha, cha! Majani yakachomoza, marefu na membamba.

Leo Nakundwa ametoka shule, akaenda moja kwa moja shambani. Loo! Udongo umechimbuliwa!

Akaingiza vidole. Papasa, papasa, papasa. Kile kipande alichopanda hakipo!

"Nimeibiwa!" akasema. "Mche wangu utakufa!"

Machozi yakamlengalenga, akayafuta. Tangawizi ina harufu kali, kwa hiyo mwizi atanuka tu.

Kuku alikuwa anapita. Nakundwa akamkamata, akamnusa mdomo.

Nusa, nusa. Kuku alinuka kuku.

Baba alikuwa kibarazani na kikombe cha chai. Nusa, nusa. Mh! Hapa kuna namna.

"Baba, chai yako ina tangawizi ya nani?"

"Ya kopo, mwanangu. Ile ya unga. Leo kifua kinanibana."

Nakundwa akachungulia ndani ya kopo. Ni unga kweli. Lakini hakumwamini sana.

Kaka Elineema alikuwa mlangoni na chupa ya soda. Akabeua, beee!

Nusa, nusa. Mh! Hapa kuna namna.

"Kaka, unanuka tangawizi!"

"Si ni soda ya tangawizi? Nimenunua dukani. Haya, shika kizibo."

Nakundwa akakitazama kizibo. Halafu akamtazama kaka, juu mpaka chini.

Jikoni, Mama alikuwa anatwanga. Twa, twa, twa!

Nusa, nusa. Mh! Hapa kuna namna.

"Mama, hiyo tangawizi umeitoa wapi?"

"Sokoni. Ni ya kuweka kwenye nyama. Mbona unanikazia macho hivyo?"

Nakundwa akatazama chini. Alijisikia vibaya sana moyoni, maana hakuna raha kumshuku mama yako.

Mara Bibi Namsemba akapita, polepole. Kucha zake zina udongo! Pindo la kanga yake limefungwa fundo, na fundo limetuna!

Nusa, nusa. Mh! Mh! Mh!

"Shikamoo, Bibi. Kwenye fundo kuna nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuna tangawizi yako."

Nakundwa akabaki mdomo wazi. Bibi! Bibi yake mwenyewe!

"Umeniibia, Bibi! Umeua mche wangu!"

Mama akaacha kutwanga. Huku hakuna mtoto anayemwambia bibi yake hivyo.

Lakini Bibi hakukasirika. Alimshika mkono, wakaenda nyuma ya jiko.

"Fukua hapa pembeni," akasema. "Taratibu."

Nakundwa akafukua. Akaona kidole cheupe cha tangawizi, kisha cha pili, kisha cha tatu! Vyote vimeshika mche, vichanga na vibichi.

"Ulichopanda ni mama," Bibi akasema. "Sasa ameshazaa. Sisi wakulima wa tangawizi, mama tunamtoa mapema, na watoto tunawaacha wanenepe."

"Kwa hiyo mche haufi?"

"Haufi."

Nakundwa alifurahi. Lakini bado alikuwa amenuna kidogo.

"Mbona hukuniambia?"

Bibi akatazama kucha zake zenye udongo. "Ulikuwa shule, nami sikuwa na subira. Shamba ni lako, nilipaswa kukungoja. Nisamehe, mjukuu wangu."

"Nimekusamehe. Na mimi nisamehe, Bibi. Nimekuita mwizi."

Bibi akafungua fundo, akamrudishia tangawizi yake. Ilikuwa kuukuu, imekunjamana, na ilinukia vizuri!

Jioni hiyo Nakundwa aliitoa yeye mwenyewe, ichemshwe kwenye chai ya wote. Ilikuwa kali! Baba akakohoa, Elineema akalia "Uuuh!", na Mama akacheka.

Usiku ukaingia. Nakundwa akapanda kitandani, Bibi akamfunika blanketi.

"Bibi, hao watoto wakinenepa, nani atawachimba?"

"Wewe. Mimi nitakushikia kikapu tu."

Nakundwa akamtazama Bibi vizuri. Akafumba jicho moja, lingine bado linamchunga Bibi.

Halafu akafumba na la pili.