Nilimzuia Mwanangu Asiape

Wasomaji wenzangu, mimi ni ajuza wa miaka sabini na sita. Naishi Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba aliyoniachia babangu, na magoti yangu yameshazikataa ngazi zake. Chuo nilichosoma mimi ni cha Kurani peke yake, kwa hivyo mkiona maneno yangu yamepinda, nistahimilieni. Lakini kichwa changu ki sawa! Mtu akinitajia jina lake mara moja, haliniponyoki tena. Na jina moja ndilo lililoniletea msiba huu...

Sitaki huruma ya mtu. Nataka mumjue Feisal wa Bi Tatu wa Bondeni alivyo. Na mnijue na mimi.

Nina mtoto mmoja tu, Mbarak. Babake alikufa Mbarak akiwa wa miaka minne, nikamlea kwa kuuza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu. Alirefuka mpaka akawa hupita mlangoni kwa kuinama. Mpira wa kikapu aliupenda kuliko chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alipata kazi ya ukarani wa stoo katika chuo kimoja cha ufundi hapa kisiwani. Chuo hicho sitakitaja. Wakampa na timu aifundishe jioni. Timu gani! Walikuwa wakifungwa hata na watoto wa skuli, na watu wakija kuwatazama ili wacheke.

Mbarak akaanza nao upya. Alfajiri huwakimbiza mpaka Kizingo na kurudi. Jioni huwarushisha mpira mpaka mikono iwatetemeke. Uwanja haukuwa na nyavu, nikazisuka mimi kwa kamba, hapa kibarazani, na vidole vikanitoka malengelenge. Mwaka wa tatu timu ile ikawa yaogopwa mji mzima! Chuo kikamtoa stoo, wakamwita kocha, akapewa chumba chake na ufunguo wake. Siku ile alikuja akauweka ule ufunguo kiganjani mwangu, akasema, "Mama, ni wako huu." Nililia.

Kila Jumamosi asubuhi vijana wake walikula kwangu. Nawakumbuka wote. Hassan wa Makadara, Charo, Mwachiro mwenye pengo, Abdalla Mrefu na Abdalla Mfupi... Na Feisal.

Feisal alikuwa mchezaji, akavunjika goti. Nani alimwokota? Mbarak! Alikwenda kumwombea kwa mkuu wa chuo, akamfanya msaidizi wake. Miaka minne mtu yule alikula sahani yangu. Kanzu yake ya Idi nilimshonea mimi. Nyoka wamlisha maziwa ukidhani ni paka!

Basi Jumamosi moja Mbarak alikuwa amekwenda mazikoni Malindi. Feisal akaniletea kijana mgeni, mrefu kumshinda hata Mbarak. Nikamuuliza, "Waitwaje, mwanangu?"

"Kenga, Mama. Kenga wa Katana."

Feisal akaangua kicheko. "Mama, jina hilo lisahau. Huyu kwetu chuoni aitwa Stephen."

"Mtu ana majina mawili kama mwizi?"

"Ni mambo ya mpira hayo, Mama. Wewe tia mbaazi."

Nikatia mbaazi. Mjinga mimi! Nilidhani ni lakabu tu, kama Abdalla Mrefu.

Kumbe Stephen alikuwa mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni asije kabisa. Sura yake hakuna aliyeijua, wala Mbarak. Feisal alichukua jina lile akamvika Kenga, ambaye alikuwa kuli wa ghala la mbao Changamwe. Orodha ya wachezaji aliiandika Feisal. Mbarak aliporudi kutoka mazikoni akatia sahihi chini yake, kwani mtu amwaminiye nduguye huhesabu nukta?

Fainali wakashinda. Nilikuwepo, nimekaa ukutani na buibui langu, natazama nyavu zangu zikitikisika. Kenga alirusha mpira kama atiaye nguo kapuni.

Hazikupita wiki mbili, wale walioshindwa wakaleta mashtaka. Yule mrefu si mwanafunzi! Kikombe kikachukuliwa, Kenga akatoroka mji, na mkuu wa chuo akawaita Mbarak na Feisal.

Mwajua Feisal alisema nini? Alisema, "Kocha ndiye aliyeniamuru."

Mbarak akasema hajui. Neno moja dhidi ya neno moja... Mkuu yule alikuwa Mtaita, mtu wa kanisani, hakutaka polisi. Mwenyekiti wa kamati ya michezo, Mzee Twalib, akamwambia, "Hawa wote wawili ni Waislamu. Tuyamalize kikwetu. Ijumaa baada ya sala, kila mmoja ashike msahafu aape. Na mwenye shahidi amlete, naye aape." Mkuu akakubali.

Mbarak alikuja nyumbani anacheka! "Mama, yamekwisha. Ntaapa, na Feisal hathubutu kuapa uwongo."

Hapo ndipo nilipomsimulia habari ya Kenga na majina yake mawili. Aliruka akanibusu mikono. "Mama! Basi shahidi wangu ni wewe! Njoo useme vile vile ulivyosikia."

Niliivuta mikono yangu.

Wasomaji, kwetu hatuapi. Babangu aliapa mara moja katika maisha yake, juu ya ukuta aliogombania na jirani. Aliapa kweli tupu. Arubaini haikufika, ndugu yangu Athmani akatumbukia kisimani akafa, mtoto wa miaka tisa. Tangu siku ile mamangu alituambia msahafu ni wa kusomwa, kiapo hata kiwe cha haki hakirudi mikono mitupu. Nililelewa na hofu ile. Na mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu!

Nikamwambia, "Siendi. Na wewe huendi."

"Mama, nisipoapa watasema nimeiba ushindi."

"Na waseme. Maneno hayaui mtu."

"Kazi yangu je? Jina langu? Miaka yote ile nimeifanyia nini?"

"Utapata kazi nyingine."

"Mama, mimi sina hatia!"

Nikashika ziwa langu, mbele yake, mtu mzima mwenye mke. Nikamwambia, "Ukitia mkono wako juu ya msahafu, maziwa haya uliyonyonya sikuhalalishii. Na radhi yangu huna, duniani wala akhera."

Akakaa chini, kichwa magotini, kama alipokuwa mdogo.

Ijumaa alikwenda. Alitia udhu, akasali, na alipoitwa akasimama mbele ya watu wote akasema, "Siwezi. Mamangu hana radhi." Watu wakacheka! Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Mwenye haki hajifichi nyuma ya buibui." Akaitwa Feisal. Akashika msahafu kwa mikono miwili, akaapa mara tatu, sauti haikumkatika.

Jumatatu Mbarak alirudisha ufunguo.

Na nani alipewa chumba kile? Ni lazima niwaambie? Feisal akawa kocha. Jambo la kwanza alilofanya alipanda ngazi akazikata nyavu zangu, akatia za dukani. Alishinda vikombe miaka mitatu kwa vijana wa Mbarak, kwa mazoezi ya Mbarak, mpaka mbio za Kizingo hakuzibadilisha. Akipita mlangoni kwangu hunipigia kelele, "Mama, mbaazi zimeiva?" Siku moja nilimtemea mate yakamfika kwenye kiatu. Sikujuta wala sijutii.

Mwanangu hakuna chuo kilichomtaka tena. Alipita kote, hata timu za mitaani zikamfungia mlango. Akapata kazi ya kuhesabu magunia bandarini. Mkewe, Time, akarudi kwao; asema hakuolewa na mwizi. Mwishowe Mbarak akaenda Maskati kuendesha magari ya watu. Siku aliyoondoka alinibusu mkono, akasema, "Mama, nikubalie safari." Nikamkubalia. Hilo halikunishinda!

Ni miaka zaidi ya ishirini sasa. Hunitumia salamu kwa wasafiri. Mwenyewe haji.

Ramadhani iliyopita nilisikia hodi. Feisal! Amekonda, mguu mmoja umekatwa kwa sukari, ana magongo. Akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nisamehe kabla sijafa."

Nikamwambia, "Nenda msikiti ule ule, baada ya Ijumaa, useme uliapa uwongo. Kisha njoo."

Akasema, "Mama... watu watanionaje?"

Nilitazama sufuria yangu ya mbaazi ikichemka. Nikamwambia, "Feisal, ondoka, au hii itakukuta usoni." Akaondoka, magongo yake yakigonga ngazi moja moja. Sikumsamehe. Mkitaka nisemeni.

Lakini usiku wangu haujazwi na Feisal. Nilimuuliza Maalim Badi, anayesomesha watoto hapa jirani, habari ya babangu na Athmani. Akaniambia, "Bi Rukia, kisima kile kilikuwa na kifuniko?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mtoto aliuliwa na kisima. Kiapo cha kweli hakiui. Lakini shahidi akificha alichokijua, moyo wake ndio wenye dhambi."

Enyi mama wenzangu! Radhi zenu msizifanye kamba ya kumfungia mtoto mwenye haki. Na ukiwa umesikia jambo litakalomwokoa mtu, simama ulitamke siku ile ile, hata miguu ikitetemeka. Usingoje uzeeke kama mimi...

Leo nimetia udhu. Msahafu wa babangu uko mapajani mwangu, mkono wa kushoto uko juu yake, wa kulia unaandika.

Wallahi, wabillahi, watallahi. Kijana yule jina lake lilikuwa Kenga wa Katana. Feisal wa Bi Tatu alilijua, alilisikia kwa masikio yake mbele yangu. Mbarak mwanangu hakulijua.

Nimeapa saa nane mchana. Nikakaa nangoja kiapo kinichukue mimi, si mwanangu. Adhana ya alasiri imeadhiniwa, na ya magharibi, na mbaazi za kesho nimesharoweka... na ningali hai.