Tulipu za Marehemu Baba

Sayat alimwona Togzhan kwa mara ya kwanza sokoni Almaty, kwenye vibanda vya vifaa vya ujenzi. Binti huyo alivaa koti la kijivu na skafu nyekundu, akichagua kokoto moja moja.

"Dada, unawajengea sisimizi nyumba?"

"Nazijengea tulipu. Na wewe umeajiriwa kuchungulia mifuko ya watu?"

Basi, kwisha habari ya Sayat. Kufika Mei, kila Jumapili alikuwa roshanini kwa Togzhan, ghorofa ya nne, akinywa chai ya maziwa mbele ya vyungu vitano vilivyojaa mawe. Humo mlikuwa na tulipu za mwituni, maua mafupi yasiyozidi urefu wa kidole. Marehemu baba yake Togzhan alizikuza kutoka mbegu kwa miaka saba, akafariki wiki ileile zilipochanua. Hakumwachia binti yake kitu kingine.

Juni Togzhan akaenda mji wa Shymkent kumuuguza mama yake. "Nitunzie tulipu zangu, mpenzi," alisema, akidhani kila mtu anajua namna. Sayat hakujua. Wiki ya pili majani yakawa manjano, kisha yakakauka kabisa. Jamani, mwanaume mzima alikimbilia ndoo ya maji. Akaanza kumwagilia, asubuhi na jioni.

"Wanangu hawajambo?" Togzhan aliuliza kwenye simu.

"Hawajambo, kipenzi. Wamenona kama mimi."

"Umenona lini, we fimbo?"

Sayat akacheka naye. Ikawa hivyo kila siku.

Agosti Togzhan akarudi. Hata viatu hakuvua, akaenda moja kwa moja roshanini na kuzamisha vidole chunguni. Vitunguu vya tulipu, vile vya chini ya mawe vinavyochipua maua, vilikuwa uji mweusi unaonuka. Vyungu vyote vitano.

"Umezimwagilia."

"Zilikuwa zinakufa, Togzhan."

"Zilikuwa zimelala. Kiangazi zinalala pakavu, hazitaki hata tone." Sauti yake haikupanda. "Kila siku nilikuuliza. Ungesema tu majani yamekauka."

Sayat alitamani atukanwe.

"Nenda, tafadhali."

Alipofika chini akapiga simu. Togzhan akapokea.

"Sikutaka uhuzunike," Sayat alisema.

"Nitaishije na mtu ninayemuuliza hali akaniambia ninachopenda kusikia?"

"Naweza kubadilika."

"Haya. Uko vipi sasa hivi?"

Sayat akafungua mdomo aseme yuko salama. Akashindwa. "Naogopa," alisema. "Sijui la kufanya."

Togzhan hakukata simu. Wala hakumwambia apande ngazi.