Mpangaji wa Nyongo

Harufu ilianza Mak Jarah aliporudi kutoka hospitali ya Kota Bharu. Ruhana, bintiye, alidhani chupa ya budu imevunjika, ule mchuzi wa samaki waliovundikwa. Akapekua jiko zima, wapi. Kisha mama yake akafunua tumbo. Kitovuni, kwenye kitobo madaktari walichopitishia kamera walipomtoa kifuko cha nyongo, palichuruzika ute wa kijani.

"Kitakauka, Mak," Ruhana alimwambia mama yake, kaziba pua.

"Kitakaukaje, na kuna mtu anatafuna humu?"

Ruhana akainamisha sikio. Krr, krr. Meno yakisaga changarawe.

Akamwita Tok Leman, mganga wa majini, mzee mwenye utani.

"Jarah, wanukia kuliko soko la samaki!" alitania, akibandua bandeji. Kicheko kikamkauka. Kidonda kilikuwa kikifumba na kufumbua.

"Nani wewe?" alinong'ona.

Jibu lilitoka kitovuni, sauti ya mtu aliyejaza uji mdomoni. "Jini wa bibi yake. Nilirithiwa, mama hadi binti. Nilikaa kwenye nyongo, raha mustarehe. Wamenivunjia nyumba."

"Toka!"

"Niende wapi?"

Tok Leman akasoma aya na kukamua ndimu juu ya kidonda, tumbo likavimba, kidonda kikaachama kama mdomo wa kambare, na usaha wa kijani ukafoka mikononi mwa Ruhana, wa moto, wenye mabonge na nywele, ukamtiririka hadi viwiko, naye akatapika begani mwake mwenyewe lakini hakumwachia mama yake, maana hakukuwa na mwingine wa kumshika, mpaka kitu kama upepo mchafu kikampita usoni na kule kutafuna kukakoma.

"Ametoka," alihema Tok Leman. "Lakini kidonda hicho ni cha kisu cha daktari. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Huko wakampasua tena. Daktari alitoka kainamisha kichwa. "Kifuko cha nyongo kilinipasukia nilipompasua mara ya kwanza, mawe yaliyokuwamo yakamwagika tumboni. Nilidhani nimeyaokota yote. Yaliyobaki yamefanya jipu. Nisameheni."

Mak Jarah akapona. Kidonda kikafunga, harufu ikaisha, hamu ya chakula ikarudi. Asubuhi moja Ruhana akampikia uji wa kuku wenye tangawizi. Mama akaonja kijiko kimoja, akatema sakafuni.

"Mchungu kama shubiri! Umetia nini, mwanangu?"

"Mchungu? Mak naye!" Ruhana akaonja. Ulikuwa mtamu, mtamu ajabu. Akalivuta bakuli, akanywa uji wote. Kisha akapiga magoti, akaanza kulamba ule uliotemwa, mate na yote.

"Ruhana! Tema! Tema, mwanangu!"

Ruhana akainua uso, kidevu kinachuruzika ute wa kijani, akatabasamu. Sauti ikawa ile ya kitovuni.

"Niteme niende wapi?"