Mkutano wa Kaizar na Msiba wa Bi Mwanakuu

Neno hili nawaelekezea nyinyi wenyeji wa kisiwa hiki, na hasa nyinyi wenye maduka.

Asubuhi katika duka la leso la Kaizar, mtaa wa Biashara, zilikuwa za utulivu. Naqiya, mkewe, alikunjua leso mpya mezani, na Bi Mwanakuu, mpambaji wa maharusi wa Mji wa Kale, akachagua huku akisimulia habari za mtaani. Kila harusi aliyoishika, sare zake zilitoka duka hilo.

Kisha Kaizar akanunua programu ya kompyuta ya kuwatangazia wateja bidhaa. Chombo chenyewe hakikuwa kibaya. Lakini kila mwaka watumiaji wake walikutana Nairobi, na Kaizar hakukosa hata mara moja. Alirudi na mkoba wenye nembo na maneno mageni kwa mkewe.

Mwaka wa 1998, Kaizar akiwa huko, Muhdhar, mume wa Bi Mwanakuu, alifariki. Naqiya alimpigia simu hotelini.

"Baba Parvin, rudi. Maziko hutayawahi, lakini hitima utaiwahi."

"Kesho napanda jukwaani. Wamenichagua nieleze namna ya kumjua mteja."

"Na mteja wako yumo msibani."

"Wewe nenda, utuwakilishe."

Naqiya alikwenda, akaketi mkekani na wafiwa. Wanawake walipomwuliza mumewe yuko wapi, alijibu yu safarini, asiongeze neno.

Kabla ya kuondoka, Kaizar alikuwa amechapisha kwa programu ile barua za kuwaita wateja wasioonekana dukani siku nyingi, na kuzitia posta. Siku ya hitima, barua moja ilifika nyumbani kwa marehemu, na shemeji yake akaisoma kwa sauti: "Bwana Muhdhar, umetupotea. Twakungoja kwa hamu." Naqiya alitamani mkeka ummeze.

Kaizar aliporudi na cheti chake na kuelezwa, alitaka kwenda mara moja kuomba radhi.

"Utamwona wapi?" Naqiya akamwuliza. "Bi Mwanakuu yumo edani, haonani na wanaume wa nje. Hitima ndiyo iliyokuwa siku yako. Sasa ngoja."

Akangoja. Harusi zikapita, na sare zikanunuliwa kwa Noormohamed, jirani yake, mbele ya macho yake. Ndugu zangu, hiyo ndiyo faida ya cheti kile.

Eda ilipokwisha, mume na mke walikwenda kwa miguu.

"Nimekuja kukupa pole, Bi Mwanakuu. Nimechelewa."

"Umechelewa kweli. Tena ulimwalika marehemu dukani. Nilitaka nikujibu kwamba ana udhuru."

Kaizar alitokwa na machozi. Bi Mwanakuu akasukuma kikombe mbele yake.

"Kunywa kahawa. Harusi ya mpwa wangu nimekwisha kumpa Noormohamed, sirudishi neno langu. Ya baada yake tutaona, kwa ajili ya mkeo."

Mkutano uliofuata wa Nairobi uliangukia wiki ya hitima ya mwaka ya Muhdhar. Kaizar aliandika kwamba ana udhuru, akaenda kuketi na wanaume barazani.

FUNDISHO

Kuhudhuria mkutano wa kazi si dhambi, wala kompyuta si adui wa mtu. Nendeni, mkajifunze. Lakini anayeuacha msiba wa jirani ili akasifiwe ugenini, sifa hizo zitabaki huko huko. Mkiitwa msibani, rudini.