Sura Ndani ya Moshi

Mgeni akisikia ninatoka Sumbawanga hucheka, kisha husogeza kiti chake kidogo. Nimeshazoea. Ila hili nalisimulia kwa sababu lilitokea nyumbani kwetu Milanzi, mikononi mwa kaka yangu Felisian, na mimi nilikuwepo.

Ulikuwa mwaka 1991, enzi za ruksa, kila mwenye mtaji kidogo amefungua biashara. Felisian alifungua studio ya picha chumba cha mbele, nami nikawa namsaidia kusafisha picha. Jumapili moja aliwapiga picha kina mama kigangoni. Mmoja wao alikuwa bibi Luciana, mjane jirani yetu, aliyesimama mlangoni mwa kanisa na khanga mpya. Kaka alikuwa na mazoea mabaya: akitoa filamu kwenye kamera, aliacha ncha ya filamu ikichungulia nje kama ya filamu mpya. Nilimwambia ipo siku atazichanganya, akaniona msumbufu.

Jumatatu ikaja sarakasi. Mwenye kundi, Timoth, alitaka picha ya tangazo, basi mchana tukapanda naye kwenye miamba nyuma ya mtaa, pamoja na Rhoda, msichana wa Namanyere aliyekuwa akitema moto. Alijaza mafuta ya taa mdomoni, akapuliza juu ya mwenge, moto ukaruka na moshi mweusi ukatanda. Kila akimaliza aliniuliza kama nywele zake ziko sawa. Nilimpenda.

Jioni tuliposafisha, karibu picha zote zilikuwa zimevurugika. Felisian alikuwa amepiga juu ya filamu ya Jumapili. Moja tu ilisomeka: Rhoda anatema moto, na ndani ya moshi uso wa bibi Luciana, ukimtazama utosini. Timoth alipouliza huyo ni nani, kaka aliona haya kukiri kosa la kitoto namna ile. Akasema hajui. Timoth akafurahi mno, akaibandika ukutani sokoni.

Jumatano Rhoda aliungua mbele ya watu. Mafuta ya taa yalikuwa yamewaishia, Timoth akampa petroli. Dumu nililiona, harufu niliisikia. Kesho yake alifariki. Lakini nani aulize habari za dumu, wakati picha iko ukutani? Timoth mwenyewe aliinyooshea kidole huku analia, kisha akapakia vitu vyake na kuondoka.

"Huyo si Luciana?" mtu mmoja alinong'ona. Kufika saa sita, soko zima lilikuwa linanong'ona.

Bibi alikuja kwetu. Nilimpa shikamoo na kiti, hakukaa.

"Waambie ulinipiga picha Jumapili," alimwambia kaka. "Neno moja tu, mjukuu wangu."

Felisian alikuwa anafuta lenzi. Akaendelea kuifuta. Alifumba mdomo mpaka midomo ikapauka. Hata mimi ningeweza kusema. Nilisubiri aanze yeye, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Bibi alipotoka nilimlaumu kaka, akanijibu kwamba fundi asiyejua filamu mpya na iliyotumika hakuna atakayemwita kwenye harusi.

Nyumba ya bibi waliichoma mchana kweupe. Akashuka kwa miguu kuelekea Milepa kwa binti yake. Hakufika. Walimkuta mteremkoni, ameketi, amekufa, uso ameuelekeza huku juu tuliko.

Baada ya hapo maji ya kusafishia picha yakaanza kunuka moshi. Niliyamwaga. Nikachota mengine kisimani. Yakanuka moshi. Felisian aliacha kula, kisha akaacha kulala.

Jumapili iliyofuata alifunga negativu, kipande cha filamu chenye picha ile, kwenye karatasi, tukaenda kigangoni. Sala ilipokwisha alisimama akaeleza yote: filamu, kosa, uongo. Alilia. Akampa katekista Alfonsi negativu aitazame dirishani, auone mlango wa kanisa nyuma ya bibi.

Alfonsi akaiinua. Akatazama. Akaishusha, akaipangusa kwa shati. Akaiinua tena.

"Felisian," alisema polepole, "mbona huyu ni wewe?"

Ikapita mkono kwa mkono. Ikanifikia. Rhoda alikuwepo. Moto ulikuwepo. Bibi hakuwepo, wala mlango. Ndani ya moshi alikuwa kaka yangu. Siku ile kwenye miamba alikuwa nyuma ya kamera, na kamera nyingine haikuwepo.

Hawakumgusa. Walitoka mmoja mmoja, wakimkwepa mlangoni. Na jina la bibi halikusafishwa; walisema kumbe wachawi walikuwa wawili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Maiti ya mama wa watu haikupata hata radhi.

Asubuhi moja Felisian aliondoka, hatujasikia habari zake tena. Negativu ninayo. Nimetoa picha yake mara moja tu, nikaifungia sandukuni.

Ni kaka kweli. Mishipa ya shingo imemsimama na mdomo ameupanua wote, kama mtu anayewaita watu wa mbali. Anasema. Sasa ndiyo anasema.